Tope la Bwawa Letu

Jumatatu, 6 Juni 1977
Alfajiri msikitini, kisha shamba la kijiji. Jembe mkononi, macho bwawani. Miaka kumi na nane nimelitunza. Tangu Machi mlango wa maji una kufuli la Kibwana, Katibu wa kijiji.

Ninamchukia. Mungu anajua, namwambia kila siku.

Kosa langu moja. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani tangu babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani. Mkutanoni akasema, "Huyu kalala miaka kumi, bwawa limejaa tope." Nikadhani utani. Nikamjibu, "Nimelijaza makusudi, wewe wa pwani usije ukajisahau ukadhani uko kwenu baharini." Watu walicheka mpaka machozi. Yeye akaandika: amekiri. Nikanyang'anywa bwawa, nikapewa jembe.

Jumatano, 8 Juni
Kaja mtaalamu wa udongo kutoka Dar, dada mpole. Katafuta mtu anayejua kina cha bwawa, wakanitaja mimi. Tumezamisha bomba refu topeni, tukalivuta limejaa. Tope kalikata vipande kama muhogo.

"Natafuta sesiamu, baba." Vumbi la mabomu ya atomiki ambayo wakubwa wa dunia waliyajaribu. Lilipanda angani, likatushukia na mvua. Hung'ang'ania udongo wa juu. Majini hubaki kidogo sana. Tope lililotoka juu ya ardhi linalo. Lililochimbuka chini halina.

Nikainua macho. Kilima cha juu ya bwawa Katibu alikilimisha tumbaku, matuta yakielekea bondeni. Nilimkataza. Masika matatu tu, na makorongo yake sasa yanammeza mtu mzima.

Nimetamani kumsomea Albadiri. Nimejizuia. Nangoja majibu ya bomba kutoka Dar.

Alhamisi, 6 Oktoba
Barua ya yule dada imeshuka na treni, stesheni ya Kigwa. Nimeisoma mara nne. Tope la zamani, miaka yote kabla ya tumbaku: shubiri moja, sesiamu imo. Juu yake mkono mzima wa tope jekundu, sesiamu karibu hamna. Limetoka tumboni mwa kilima.

Jumamosi mkutano. Nitaisoma mbele ya wote. Nataka nimwone akitafuta pa kuweka macho.

Ijumaa, 7 Oktoba
Mama yake Katibu amefariki. Hakuna mkutano. Hata kifo kinamlinda.

Baadaye nikakumbuka. Mimi ni mtani.

Jumamosi, 8 Oktoba
Nimejilaza njiani mbele ya jeneza, kama desturi yetu. Nikasema, "Hazikwi mtu. Mwanawe kashusha kilima chote bwawani, mtamfukia kwa udongo gani?" Wakacheka. Nikatoa barua nikaisoma yote, chali vile vile. Wakacheka zaidi. Kisha wakaacha, mmoja mmoja.

Mtani hakasirikiwi. Kibwana ilimbidi acheke. Kicheko kilimkatikia katikati.

Nikainuka, nikalibeba jeneza. Bibi yule hakunikosea.

Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo, nimefurahi.

Jumatatu, 10 Oktoba
Kibwana kaja asubuhi, peke yake. Kaweka ufunguo kwenye mkeka wangu.

"Ule ulikuwa utani, au sivyo?"

"Utani," nikasema. Nimedanganya, Mola anisamehe.

Nimefungua mlango wa maji. Yametoka mekundu, taratibu. Nimenawa, nikaswali pale ukingoni.

Dada yule alisema sesiamu hupungua nusu kila miaka thelathini. Chuki yangu bado haijaanza.