Linta Niliyoikausha kwa Moshi

Jumatano. Baridi kali hapa Nyeri, ukungu umeshuka mpaka zizi silioni. Moto unawaka na sitaki kuukaribia.

Mimi shule sikuiona. Herufi nimezijulia ngumbaru, nikiwa na wajukuu tayari. Kwa hivyo naandika bila mapambo: nimemharibia mtu jina.

Uhuru ukiwa bado mchanga, Njogu wa Mweiga alinijengea nyumba hii. Juu ya mlango wa kutoka sebuleni kwenda jikoni akamwaga linta, boriti ya simiti nyepesi, ile inayochanganywa na kokoto zenye vitundu, na nondo ndani. Upande wa sebuleni akapiga plasta. Upande wa jikoni nikamkataza.

Mama yangu alikausha miti ya paa kwa moshi, na mchwa hawakuigusa maisha yake yote. Nikaona moshi utaikomaza hata linta.

“Mama, hii si mti,” Njogu akanisihi. “Inapumua hii. Wacha niifunike.”

“Unataka kunifundisha jikoni kwangu, wewe niliyekupikia githeri asubuhi?”

Wanawake wa kikundi chetu, waliokuwa wakituchotea maji, wakacheka mpaka wakaketi chini.

Mwaka juzi linta ikapasuka, vipande vikaanguka kando ya sufuria. Nikawaambia wanawake wale wale kwamba Njogu aliiba simiti yangu. Maneno yakafika Skuta, yakafika Nanyuki. Hakuna aliyempa kazi tena.

Leo asubuhi fundi mwingine amekuja kuirekebisha. Amechokoa pande zote mbili. Jikoni, nondo zimevimba kwa kutu. Sebuleni, chini ya plasta, nondo ni safi na simiti ni ngumu.

“Cucu, simiti ilitosha,” akasema. “Ikiwa mpya ina ukali unaolinda chuma. Hewa ya moto wako imeingia kwa vitundu, ikaumaliza ukali huo. Chuma kikashika kutu, kikavimba, kikaipasua.”

Ni mimi.

Nimeacha chai mezani nikaenda Mweiga. Nimemkuta Njogu akichagua viazi vya mbegu. Hakuinuka. Nimesema yote, nimelia, nimemshika mikono kama mtoto wangu wa kumzaa.

“Mimi nilijua tangu siku ile,” akaniambia. “Kwa nini unakuja kuniambia mimi?”

Jumapili baada ya ibada nitasimama mbele ya kikundi niseme nilidanganya. Wakinicheka, wacheke.

Lakini wawili kati yao tumeshawazika, wakiamini Njogu ni mwizi. Hao nitawaambia vipi?