Kioo cha Mama Nilichokipaka Rangi

Nyumbani kwenu,
Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani wewe, shemeji na watoto? Baridi ya huko imepungua? Yule mdogo kifua kimemwachia? Naomba barua hii ikukute mzima, tena umeketi mahali palipotulia, maana nina mengi ya kukueleza na si yote ya kusomwa ukiwa umesimama.

Sisi tunakula, tunatembea, tunalala. Zaidi ya hapo siwezi kujisifu. Mwezi mzima sasa nyumba hii imekaa roho mkononi, na mambo yote yalianzia kwenye brashi yangu ya rangi.

Mama alipokwenda kumuuguza mama mdogo aliyevunjika mguu, nilibaki mchana kutwa peke yangu, kaka yako akiwa kwenye cherehani zake. Unaijua sebule yetu. Kila kitu dhahabu ya zamani ile: saa ya ukutani yenye miale kama jua, vyombo viwili vya maua, taa ya mezani, na kile kioo kikubwa alichokinunua marehemu baba mlipohamia hapa. Dhahabu yenyewe ilikwisha banduka, plasta nyeupe inachungulia kama goti kwenye suruali iliyochanika. Nikaona kwenye simu mwanamke mmoja anapaka vitu kama hivyo rangi, vinageuka kuwa mfano wa shaba kuukuu. Nikasema nijaribu chombo kimoja cha maua.

Kazi yenyewe si ngumu. Unasugua kwa msasa, unafuta vumbi, unapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Ikikauka unachovya sponji kwenye rangi ya shaba, unaikamua mpaka ibaki kidogo tu, unagusagusa juu juu ili weusi ubaki kwenye mikunjo. Mwisho unapitisha rangi ya kijani iliyozimuliwa kwa maji, unaifuta kwa kitambaa, na ile inayosalia kwenye vifereji inafanana na kutu ya shaba. Chombo kilitoka kizuri, wifi, kana kwamba kimefukuliwa ardhini. Mkono ukanogewa. Nikachukua cha pili, nikahamia kwenye taa, saa ikafuata. Nilipozinduka kioo cha Mama kilikuwa kimelala juu ya magazeti, nusu ya fremu nyeusi tititi.

Hapo damu ikanisimama. Wewe umelelewa na Mama, Jemadari wetu, huna haja ya kusimuliwa. Katika nyumba hii kijiko hakihami droo bila idhini yake, sembuse kioo ambacho hata kukifuta vumbi hakumwachii mtu. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nijaribu kuitoa ile nyeusi pembeni. Ikatoka, ikaondoka pamoja na dhahabu. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nikaendelea kupaka, nikijidanganya kwamba kikiisha vizuri huenda kikaniombea msamaha chenyewe.

Kaka yako aliporudi alisimama mlangoni na begi lake begani, hakuingia.

"Hicho ni kile kile?" akaniuliza.

"Ni kile kile. Nimekipaka rangi."

"Mama anarudi kesho kutwa."

"Najua."

Akaketi kwenye kiti cha karibu bila kuvua viatu. "Mimi sikuwepo," akasema. "Ukiulizwa, sema mume wangu hakuwepo." Nilicheka, naye akacheka, lakini hakuna aliyekula vizuri jioni ile.

Mama akaja. Akaingia kama anavyoingia siku zote, anatoa amri kabla ya salamu: mfuko huu jikoni, dirisha lile lifunguliwe, nani ameliacha zulia limekunjika. Halafu akaenda moja kwa moja mbele ya kioo kutengeneza kilemba chake. Sisi wawili tulisimama nyuma yake kama watoto waliovunja sahani. Akalivuta pindo la kilemba, akageuza shingo, akasema, "Angalau mmekifuta. Dhahabu yake imerudi."

Kaka yako alishusha pumzi hadi nikaisikia. Alinikonyeza. Akaja kuninong'oneza jikoni kwamba Mama ametusamehe kwa mafumbo, kwamba uzee umemlainisha, tumshukuru Mungu. Nilimwitikia, lakini mwili wangu ulikuwa umepoa. Wifi, fremu ile ilikuwa ya kahawia iliyoiva, na kutu ya kijani kila kona. Haikuwa na dhahabu hata chembe. Nilikuwa nimemwogopa Mama tangu siku niliyoolewa. Pale jikoni, kwa mara ya kwanza, nikaogopa kwa ajili yake.

Nikaanza kumtazama, na kila nilichokiona kilizidi kunitisha. Akimimina chai anaweka kidole ukingoni mwa kikombe. Akipita ukumbini anaburuza vidole ukutani kana kwamba anakagua vumbi. Nikimnyooshea kitu upande wa kushoto hakipokei, ananiuliza mbona nachelewa. Na ule ugomvi wake wa kila siku, nani ameweka kigoda hapa, nani ameuacha mlango nusu, kumbe hakuwa akitugombeza sisi, aliogopa kujikwaa.

Asubuhi moja tukiwa wawili tu nikapiga moyo konde.

"Mama, kile kioo ni cha rangi gani?"

"Umeanza kuulizia rangi ya vitu vyangu?"

"Nilikipaka rangi ulipokuwa kwa mama mdogo. Si cha dhahabu tena. Nisamehe."

Mama akainuka, akaenda kukipapasa kioo chote, chini, pembeni, juu, polepole, kwenye ile mikwaruzo ya rangi iliyokauka. Nilisubiri radi. Badala yake akasema, "Funga mlango."

Akaniambia jicho la kushoto lilizimika tangu msimu wa baridi uliopita. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kupitia mfuko wa nailoni. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba bibi yenu naye alipofuka, akawekwa kwenye kiti pembeni ya chumba, na watu wakazungumza mambo yake mbele yake kama vile hayupo. "Sitakaa kwenye kiti kile," akasema. Akauweka mkono wake juu ya mkono wangu. Akanitaka nisimwambie mtu, na hasa wewe. Sikukubali, wala sikuthubutu kukataa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na nusura kimuumbue kweli. Wiki haikuisha, Mama akasema anakwenda duka la ng'ambo ya barabara kununua chumvi. Chumvi ilikuwepo. Nilijua anataka kunionyesha kwamba bado anaweza. Nilimfuata mpaka getini, nikajificha nyuma ya nguzo ili asijue. Alisimama ukingoni mwa barabara akisikiliza, akatazama kulia, akaingia. Lori la mbao lilikuwa linatoka kiwandani, upande wa kushoto.

Nilipiga ukelele, sijui nilisema nini. Breki zililia, mbao zikasukumana kule juu, na lori likasimama karibu naye kiasi kwamba angenyoosha mkono angeligusa. Dereva alitoa kichwa na maneno ambayo siwezi kumwandikia mtoto wa mtu. Mama hakumjibu. Wewe wamjua Mama, hakuna dereva aliyewahi kumtukana akabaki salama. Siku ile alisimama katikati ya barabara, akageuka huku, akageuka kule, na mimi nikaelewa kwamba hajui nyumba iko upande gani.

Nilimshika kiwiko. Hakuniondoa. Tulipofika ndani akaketi, viatu bado miguuni vikiwa na vumbi, akasema, "Nipeleke hospitali."

Daktari wa macho ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ukitaka kumsikia sharti umkaribie. Alimpima Mama kwa muda mrefu. Akatueleza kwamba la kushoto lina presha ya macho, imeua mshipa kidogo kidogo, na kilichokufa hakirudi. La kulia presha ndiyo imeanza, lakini kinacholiziba zaidi ni mtoto wa jicho, na huyo anaondolewa kwa upasuaji. Mama aliuliza swali moja tu: "Nikilala kwenye kitanda chenu, naweza kuamka na giza kamili?" Daktari hakumdanganya. Alisema kila upasuaji una hatari yake, ila kutofanya lolote ndiyo hatari kubwa zaidi.

Siku ya upasuaji mimi na kaka yako tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa na uzi mfukoni, akawa anaufunga mafundo na kuyafungua, fundo baada ya fundo. Kila mlango ulipofunguka tuliinuka wote. Niliwaza, ikiwa atatoka haoni kabisa, mimi ndiye niliyemchokoza mpaka akafika hapa. Nilisali sala zisizo na mpangilio.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Mama alipepesa, akatoa machozi, akatulia. Akamtazama daktari, akamtazama kaka yako, akanigeukia mimi na kunikagua juu mpaka chini.

"Hiyo skafu si yangu?" akasema.

Ilikuwa yake, wifi. Niliiazima kwa haraka ya asubuhi. Nililia mbele za watu bila haya.

Kuhusu kioo, alipofika nyumbani alisimama mbele yake akikikagua. Akasema baba yenu asingependa, akasema aliyenifundisha kupitia simu alinidanganya, kisha akanionyesha kwa kidole: "Na hapa chini umeparuka. Lete brashi umalizie." Nikamalizia. Vitu vyote nilivyovipaka ameviacha hivyo hivyo, ingawa mgeni akivisifu anasema ni kazi ya mkwe wake, yeye hahusiki.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Kabla hatujatoka, daktari alimuuliza Mama kama kuna mwingine aliyepofuka kwenye ukoo. Mama akamtaja bibi yenu. Daktari akaweka chini alichokuwa ameshika, akauliza, "Una watoto?" Mama akasema anao wawili. Daktari akatuambia presha hii ya macho hutembea na damu. Huanzia pembeni, hauumi, na mtu huendelea kukiona vizuri kilicho mbele yake akidhani yuko salama. Watoto wote wapimwe, bila kungoja dalili.

Kaka yako alibisha. Alisema anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, atakuwaje na ugonjwa wa macho. Mama alimwambia neno moja tu, "Nenda," akaenda. Wifi, presha ipo, macho yote mawili, na la kulia limekwisha anza kuliwa pembeni. Yeye hakuwa amejua lolote. Amepewa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote, na daktari anasema tumewahi. Hazungumzii. Lakini juzi nilimkuta dirishani amefumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili, akipima mti wa jirani. Nilirudi nyuma kimyakimya asijue nimemwona.

Nawe ulituambia kwenye simu, siku ile ya kuzaliwa kwa mwanao, kwamba kazini uligongana na mtu aliyebeba trei, ukamuuliza ametokea wapi, naye akasema alikuwa pembeni yako muda wote. Ulicheka, tukacheka nawe. Tangu nitoke kwa yule daktari maneno hayo yananirudia kila nikifumba macho, na sicheki tena.

Ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa mzaha. Mama mwenyewe ndiye aliyesema niandike kila kitu, hata ya barabarani, nisikufiche. Anasema usikate tiketi ya kuja kumlilia, kwanza ukapimwe.

Msalimie sana shemeji, na umwambie asiache kukukumbusha hata ukimnunia. Wabusu watoto, mwambie yule mkubwa bibi yake bado anauliza kama amejifunza kutandika kitanda. Mama mdogo anaanza kukanyaga mguu wake, anakusalimu. Kaka yako anakusalimu pia. Mungu akutangulie kwenye kila njia yako, akulinde mbele, nyuma, na zaidi pembeni, usipopaona.

Ni mimi nikupendaye na kukuombea,
Mke wa kaka yako.

Mwanangu, haya nimeyaandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Mistari imepinda lakini naiona. Usinijibu barua hii kabla hujatoka kwa daktari. Mama.