Yule Mama wa Mbekenyera

Somoe, mke mwenzangu,

Hapa Lionja tu wazima, ufuta tumeshavuna, babu yako anakusalimu. Umeniuliza, kila mtu anakutumia dawa yake ya hiyo saratani yako kwenye simu, sasa umsikilize nani?

Nimemkumbuka dada yangu Fatu, enzi za usichana wangu. Alipopata uvimbe kwenye titi, majirani walileta mizizi, wengine wakasema amerogwa. Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari alieleza, lakini tulitoka hatujaelewa kitu, Fatu analia.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja wa Mbekenyera, Anastasia. Akatuuliza kisa, kisha akafunua khanga, akatuonyesha kovu kifuani.

"Na mie nilikatwa hapa. Shamba nalima mwenyewe. Mlimuuliza daktari?"

"Tuliona aibu," nikasema.

"Basi turudi wote."

Safari hii Fatu aliuliza yote, na daktari akajibu taratibu. Fatu akakubali kukatwa, akapona, akazeeka.

Huko kwenu kina Anastasia hawakosekani, mjukuu wangu, waulize wauguzi wakukutanishe nao.

Siku ile tulipotoka kwa daktari, Anastasia alimwambia Fatu, "Ukipona uje tuokote korosho, mie mgongo unauma."

Fatu akacheka. Tangu augue sikuwa nimekisikia kicheko kile. Ninakisikia mpaka leo.

Bibi yako