Hawa Si Julii, na Mimi Si wa Kuhurumiwa

Jumapili, Arua. Mvua imeanza kabla ya adhuhuri na mpaka sasa haijakatika. Bati linapiga kelele kiasi kwamba siisikii pampu ya hewa ya matangi yangu. Lazima niiguse kwa kidole nijue kama inafanya kazi. Inafanya. Umeme upo. Na mimi nina hasira.

Jana niliporudi sikuweza kuandika. Leo naweza. Hasira haijaondoka, imekaa tu vizuri.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Zamzam, nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa mjini, na sebuleni kwangu kuna matangi manne ya kioo. Ndani yake wanaishi kambare wadogo wa Amerika ya Kusini, wanaoitwa Corydoras. Wataalamu siku hizi wamewahamishia wengine wao kwenye jina jipya, lakini sisi wafugaji bado tunawaita hivyo. Si kambare wa kula. Mkubwa wao hafikii urefu wa kidole changu cha kati. Wana sharubu fupi, ubavu umepangwa mabamba kama vigae, na kutwa wanapekua mchanga kama kuku walioachiwa uani. Wifi yangu Hajira alipowaona mara ya kwanza alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Samaki gani hii haiwezi kuingia sufuria?"

Nilinunua sita kwa mfanyabiashara mmoja wa Kampala. Mfuko ulikuwa umeandikwa "julii", aina moja isiyopatikana ovyo. Nililipenda jina hilo. Nakiri, nilijigamba nalo. Kila aliyeingia sebuleni aliambiwa, hata fundi wa umeme.

Halafu siku moja nilichukua lenzi ya kukuzia ya maabara ya shule nikawaangalia vichwani. Julii wa kweli ana vidoa kichwani, kila kidoa peke yake. Wangu vidoa vilikuwa vimeungana, vimekuwa vijistari vinavyopindapinda kama njia za mchwa ukutani. Nikasoma, nikalinganisha picha, nikangoja wakue zaidi, nikaangalia tena. Hawakuwa julii. Walikuwa trilineatus, yaani wenye mistari mitatu, ambao huuzwa kwa jina la julii kila mahali.

Niliona aibu wiki nzima. Kisha nikawazungukia wote niliowaambia, mmoja mmoja, nikajisahihisha. Hata fundi wa umeme.

Sijui kama watu wanaelewa kwa nini jambo hilo ni kubwa kwangu. Kazi yangu ni kusahihisha. Mtu wa hapa akisema "iko" pale vitabu vinaposema "yupo", simgusi, hiyo ni lugha yake na aliipata kihalali. Lakini kiumbe kupewa jina la kiumbe mwingine kwa sababu jina hilo linapendeza, hapo siwezi kunyamaza.

Kuwazalisha kulinichukua mwaka mzima. Mayai ya kwanza waliyala wenyewe. Ya pili yaliota ukungu mweupe kama pamba. Mara ya tatu niliiga msimu wa mvua: niliwapa chakula kingi, kisha nikapunguza maji nusu nikawaongezea ya mvua, ya baridi. Asubuhi iliyofuata jike alikuwa ameweka mdomo ubavuni mwa dume, wakawa kama herufi T. Akabana mayai matatu kwa mapezi ya tumboni, akazunguka kutafuta mahali pazuri, akasafisha kioo kwa mdomo, akayabandika. Nilichelewa shule siku hiyo. Nilimwambia mkuu ukweli, na hakuamini.

Niliyabandua mayai kwa kadi kuukuu, nikayatenga kwenye chombo chenye majani makavu ya mti wa mkungu, kwa sababu majani hayo huzuia ukungu. Walipoanguliwa niliwalisha vijiminyoo ninavyovifuga kwenye uji wa shayiri, vidogo hata huvioni vizuri. Ishirini na wawili wakafika urefu wa kucha ya dole gumba.

Sasa lile jambo jingine.

Nimeolewa miaka kumi na minne. Sina mtoto. Nimelia kwa ajili ya hilo, nikamaliza, na nikilia tena itakuwa kwa ratiba yangu, si kwa ratiba ya mtu. Lakini tangu samaki wazaane, watu wameunganisha mambo haya mawili. Wananitazama nikiwalisha wanatikisa kichwa. Hajira husema, "Mungu amekupa kitu ya kushika." Anasema kwa upole kabisa. Ndiyo maana inauma.

Haji Khamis, binamu ya marehemu baba mkwe wangu, ana nyumba ya wageni Koboko. Amejenga tangi kubwa pale mapokezi, na ndani yake ana watano aliowanunua kwa yule yule mfanyabiashara wa Kampala. Aliposikia kwamba wangu wamezaa aliniomba wadogo. Nikafurahi. Nikasema nitampa wote ishirini na wawili, zawadi, kwa sababu lile tangi lina nafasi na kwangu wameanza kubanana.

Basi jana, Jumamosi, mume wangu Yasini, ambaye ni fundi wa magari, aliwasha gari lake kuukuu tukaenda. Samaki walikuwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na pampu ndogo ya betri. Nilibeba pia dumu la maji ya tangi lao, ya kuwazoesha taratibu. Nilivaa gomesi yangu ya buluu, lile gauni letu la sherehe. Nilijua kutakuwa na watu.

Watu walikuwepo, kama kumi na tano, wageni na majirani, chai na mandazi mezani. Kwenye kioo cha tangi palibandikwa karatasi: JULII, WA PEKEE UGANDA. Nilikuwa nimeshamwambia Haji kwa simu, mara mbili, kwamba si julii. Kabla sijaweka ndoo chini alinishika bega akanigeuza kwa wageni.

"Hii ndiyo mwalimu yetu. Mungu hapana kumupa mtoto. Basi anazalisha samaki. Muone mwenyewe, hii samaki ndiyo watoto yake."

Wakaguna kwa huruma, wote kwa pamoja. Mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono, akaubana.

Nikamtafuta Yasini kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Hilo ndilo lililonichoma. Haji ni Haji. Lakini Yasini alikuwepo hospitali zote, alikaa kwenye mabenchi yote, na jana alitazama viatu.

Sikuanza na lile kubwa. Nilianza na dogo, kama ninavyofanya darasani.

"Haji, samahani. Hii karatasi imekosea. Hawa si julii."

Akacheka. "Mwalimu, wewe iko mwalimu ya Kiswahili. Samaki hapana."

Watu wakacheka naye. Nikatoa lenzi mkobani, nikampa mgeni aliyekuwa karibu na kioo, dereva wa lori la kwenda Yei, Sudan Kusini, aliyekuwa anangoja chai. Nikamwambia aangalie kichwa cha yule mkubwa, aseme anaona nini. Akainama. Alichukua muda wake, Mungu ambariki.

"Iko mistari mistari," akasema. "Imekwenda hivi, imerudi hivi. Kama njia ya mchwa."

Sikuwa nimemfundisha maneno hayo. Aliyaona mwenyewe.

"Julii huwa na doa moja moja, hazishikani," nikasema. "Hawa ni trilineatus. Ni wazuri vilevile. Tuandike jina lao tu."

Haji akaja karibu, akashusha sauti. "Mutu anakuja hapa kulala, hapana kusoma. Unanitia haya mbele ya watu. Wacha karatasi. Weka samaki, tukunywe chai."

Nitasema kweli. Kuna sehemu yangu iliyotaka kuweka samaki na kunywa chai. Yeye ni mzee, ni mtu wa ukoo, alinichezea ngoma siku ya harusi yangu. Wadogo walikuwa wamechoshwa na ndoo. Karatasi ni karatasi. Ningeweza kutabasamu, kurudi Arua, na kusaga meno nyumbani kama ninavyojua kufanya.

Kisha yule mama akanishika mkono tena.

Nikautoa. Nikasema, si kwa ukali, lakini kwa sauti ya mwalimu, ile inayofika dawati la mwisho:

"Haji, nitawaweka ukiondoa karatasi. Na kuna jambo la pili. Hawa si watoto wangu. Ni samaki. Nimewazalisha kwa sababu nimewasoma mwaka mzima, nimekosea mara mbili, mara ya tatu nikapata. Ni kazi ya akili yangu. Usiwaambie watu ni kilio changu."

Yule mama akarudi kwenye chai yake.

Haji akanyosha kidole mlangoni. "Basi beba samaki yako."

Nikaibeba ndoo.

Tukashika njia ya Arua. Yasini alishika usukani kama mtu anayefanya mtihani. Kabla ya kufika Maracha niliinua mfuniko nione hali. Maji yalikuwa na povu. Kambare hawa wakiogopa sana hutoa sumu mwilini, na kwenye chombo kidogo sumu hiyo huwaua wenyewe. Walikuwa wamebebwa, wamewekwa chini, wamebebwa tena, na mimi kwa hasira nilikuwa nimeitupa ndoo garini kama mzigo wa mihogo. Wawili walikuwa tayari wamelala ubavu.

Lile povu ni kosa langu. Haji hayumo.

"Simama! Yasini, simama!"

Akasimamisha gari kando ya shamba la tumbaku. Jua lilikuwa kali. Alilileta dumu mbio bila kuambiwa, akaishikilia ndoo ikiwa imeinama wakati mimi nawachota mmoja mmoja kwa kikombe cha chai na kuwahamishia kwenye beseni lake la kuoshea vipuri. Nililisugua kwanza kwa maji kidogo na kona ya gomesi, kisha nikalijaza maji ya dumu. Watoto wa shule na mwanamke mwenye jembe walisimama kututazama. Yasini alivua shati akalitanda juu ya beseni kufanya kivuli. Alikaa hivyo, kifua wazi, magoti vumbini, kama robo saa, mpaka wakaanza kupumua polepole.

Wanne walikufa. Kumi na wanane walibaki.

Tulipokuwa bado tumechuchumaa, akasema kwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani, nami naandika kwa Kiswahili: "Yale maneno ilikuwa kazi yangu kuyasema. Umeyasema peke yako."

Labda alitegemea nimwambie haidhuru.

Nilimwambia: "Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa. Hakujitetea. Tukarudi nyumbani, mimi nyuma nimelipakata beseni, yeye mbele bila shati.

Leo mchana Haji amepiga simu. Nilidhani atanitukana. Akasema ameiondoa karatasi, kwa sababu yule dereva wa lori alikaa mpaka jioni akiwaonyesha wageni wote vichwa vya samaki. Nikakaribia kucheka. Kisha akaeleza anachotaka: nije Jumamosi, niombe msamaha mbele ya watu wale wale, halafu samaki waingie tangini na maneno yaishe.

Nilimjibu.

"Haji, kukusahihisha mbele ya wageni wako, msamaha nakuomba sasa hivi, kwa moyo wote. Nilipaswa kukuita pembeni. Lakini kwa lile neno la pili, hapana. Nilikuwa nasema juu yangu mwenyewe."

"Wewe iko na kichwa ngumu, Zamzam."

"Ndiyo, Haji."

Akakata simu. Sijui kama tutaongea mwezi huu au mwaka huu. Siufurahii ugomvi huu, nampenda yule mzee. Ila sitaununua upendo wake kwa kukubali kuwa hadithi ya kusikitisha pale mapokezi.

Hajira naye amekuja na mwavuli, habari ameshazipata zote. Ameniambia nimeaibisha ukoo. Nilikuwa tayari kumjibu vikali, lakini Yasini alitoka chumbani akasema, kwa sauti niliyoisikia juu ya mvua yote hii, "Dada, hiyo maneno iishe leo. Katika nyumba yangu hakuna mutu wa kuhurumiwa." Hajira akavuta kikombe. Akanywa chai yake. Hakuaga vizuri.

Je, Yasini amechelewa? Amechelewa, kwa siku moja na miaka kumi na minne. Sijaamua nitamsamehe lini. Nimempakulia kisra ya moto, ule mkate wetu mwembamba kama chapati, hilo ndilo nililoweza kwa leo.

Kesho Jumatatu nina kipindi cha kwanza, na habari za Koboko zitakuwa zimefika shuleni kabla yangu, najua mji huu. Nitaingia nikiwa nimeinua shingo. Atakayeniuliza kama nina watoto, nitamjibu sina. Atakayeniuliza habari za samaki, avute kiti, maana hayo yana maelezo marefu.