Kopo Lililobaki Jeupe

KIKUNDI CHA WASINDIKAJI WA PARACHICHI, LYAMKENA, MAKAMBAKO
Kikao cha dharura, Jumamosi 14 Juni 2025, karakana ya kikundi, saa 8:20 mchana

Waliohudhuria: Beatrisi (Mwenyekiti), Fidelia (Katibu), Hyasinta (mtengenezaji), Obed (muuzaji, duka la Njombe), Nelly (mjumbe).
Hakuwepo: Feliciana, yuko msibani Igwachanya. Alitoa taarifa.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala na kuomba watu wasikatizane maneno. Ombi halikudumu.

KUMB. NA. 2/6/2025: KRIMU KUGEUKA KAHAWIA
Obed alieleza kwamba krimu ya kung'arisha ngozi, ya vitamini C na mafuta ya parachichi, inageuka kahawia ndani ya wiki mbili na wateja wanairudisha. Nelly alishauri makopo meusi yasiyopitisha mwanga, yenye pampu, ili watu waache kuchovya vidole. Hyasinta alisema huko ni kupoteza muda: krimu yake mpya imekaa dirishani wiki sita, bado nyeupe pe, na inapenya ngozi haraka. Kopo lilipitishwa mezani. Wote waliisifu, Katibu akiwemo.

KUMB. NA. 3/6/2025: KILICHOMO
Nelly aliuliza kimeongezwa nini. Hyasinta alijibu kuwa ni dawa ya kuitunza isiharibike, akakataa kuitaja jina, akadai Nelly anamwonea gere tangu uchaguzi. Nelly alitamka neno mkorogo, zile krimu za kuchubua ngozi zenye kemikali za sumu. Mwenyekiti aligonga meza. Obed alisisitiza kwamba mzigo unasubiriwa Njombe Jumatatu.

Mwenyekiti alikumbusha utaratibu wetu: mtengenezaji hujipaka usoni mbele ya wajumbe kabla bidhaa haijatoka. Hyasinta alifungua kopo, akalifunga tena.

"Dada Hyasinta, tunakusubiri," alisema Mwenyekiti.

"Mimi siwezi. Nanyonyesha."

KUMB. NA. 4/6/2025: MAAMUZI
Iliamuliwa mzigo usitoke, na kopo moja lipelekwe kupimwa. Hyasinta aliomba maneno yake yasiandikwe. Katibu alikataa. Hyasinta aliuliza Katibu ana chuki gani naye.

Katibu alijibu kwamba mwezi wa tano Hyasinta alikwenda mwenyewe kumwona Rejoice, binti wa Katibu, aliyekuwa amejifungua, akampelekea kopo la krimu hiyo kama zawadi ya uzazi.

"Ulimkuta anamnyonyesha mtoto," alisema Katibu.

Hyasinta aliomba na hayo yasiandikwe.

KUMB. NA. 5/6/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 9:05 alasiri. Katibu hakungoja sala. Alitoka nje kumpigia binti yake simu. Ilipokelewa mara ya nne. Rejoice alikuwa ameshajipaka krimu ya asubuhi.

Beatrisi, Mwenyekiti: ....................
Fidelia, Katibu: ....................