Nguzo za Nyumba ya Damari

Jumatatu, 6 Novemba 1911

Nimetwanga, nimechota maji, kisha nikaenda kukagua nyumba mpya ya Damari. Mkwe hakuwepo. Angekuwepo nisingeingia, maana mkwe na mama mkwe hatutazamani usoni. Wanahamia Jumapili hii. Damari ana mimba kubwa. Mwanangu huyo wa pekee, Ugogo nzima hakuna wa kumfikia, na Injili anaisoma bila kufuata mstari kwa kidole.

Nguzo mbovu! Hazikubanduliwa magome. Nimekwangua moja kwa ukucha, mchwa wakamwagika. Na juu yake paa zima la udongo. Mvua ikilowesha udongo ule, utamshukia mwanangu kitandani.

Ugali umenishinda kwa hasira.

Jumanne, 7 Novemba

Nimerudi na mpini wa jembe. Nimegonga nguzo zote. Nyingi zinalia kama kibuyu kitupu. Damari ananiambia, Mama, acha, unaniaibisha. Aibu gani? Nimemwambia humu hahamii mtu wangu.

Alhamisi, 9 Novemba

Leo mkwe yupo. Yeye ndani, mimi nje nyuma ya ukuta. Nikasema na mbuzi aliyefungwa pale, kwa sauti ya kusikika.

"Wewe mbuzi, muulize mwenye nyumba, amemjengea mke au amewajengea mchwa?"

Sauti yake ikatoka ndani: "Mbuzi, mwambie mama nguzo zinatosha."

"Mwambie macho ninayo!"

Wapita njia wakacheka. Wacheke. Nimeusema ukoo wao wote mpaka koo likakauka.

Ijumaa, 10 Novemba

Damari amekuja analia. Kumbe mumewe alikata nguzo za mpingo, akazibandua vizuri. Askari wakapita, wakazibeba zote kwenda kujengea boma la Mjerumani. Alipouliza wakamchapa viboko. Akaona haya kutuambia, akakata miti yoyote iliyokuwa karibu.

Bado nimemkasirikia. Kwa nini hakusema? Angezika mke kwa sababu ya haya?

Hasira ya askari ndiyo sina pa kuipeleka. Nimeimalizia kwenye kinu. Mtama umekuwa vumbi.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimewaita kaka zangu. Tumebomoa upande wa mashariki wa nyumba yangu, alikolala Damari tangu utoto. Nguzo zile alizisimamisha marehemu baba yake. Ngumu mpaka shoka lilikuwa linaruka! Mume kama yule hakuzaliwa mwingine. Kaka mkubwa akasema, dada, utajuta. Nikamwambia, wewe beba.

Wamezipeleka kwa mkwe. Anaezua paa, anaanza upya. Kuhama kumesogezwa wiki moja.

Jumapili, 19 Novemba

Baada ya ibada Damari amehamia. Amepika mlenda wa kwanza humo, akaniletea bakuli huku kwangu. Chumvi kidogo.

Mvua bado. Upande wa mashariki uko wazi, upepo unaingia moja kwa moja. Kuku hawajaelewa. Ukuta haupo, lakini jioni wamepanga foleni palipokuwa mlango, wakapita hapohapo mmoja mmoja.