Dari ya Ukumbi Mpya

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na kazi ya hospitali inakwendaje? Mimi mzima, ila bega la kulia limeganda, linauma hata nikilala. Hata kitambaa kichwani nafungiwa na jirani. Msimamizi ameninyang'anya rola. Naosha ndoo, mimi niliyemfundisha kupaka rangi! Mwisho wa mwaka tunapaka dari ya ukumbi mpya, na anasema niisahau. Naitaka dari ile, mwanangu, kuliko chakula.

Nimepata wataalamu wawili wa viungo. Mmoja ana mikono ya chuma: anauvuta mkono hadi namwita marehemu mama yangu. Mwingine ni binti mpole, ananikanda kwa maji moto, kisha ananiinamisha niuning'inize mkono na kuuzungusha polepole. Nimeamua kwenda kwa wote, asubuhi huku, jioni kule. Bega litatii tu.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Nimecheka, kisha nikaogopa. Bega linalouma hata ukilala, halafu livutwe kwa nguvu? Litakaza zaidi. Huyo wa chuma si mwongo, ila zamu yake ni baadaye, maumivu yakishapoa na kubaki ugumu. Sasa ni zamu ya binti. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba rangi haipakwi juu ya rangi mbichi. Niahidi, Mama.

Mwanao

28 Julai

Mwanangu,

Salama huko? Usiulize kama nilinuna kwa barua yako. Nilinuna! Nilirudi kwa wa chuma, nikakosa usingizi wiki nzima, nikaona haya kukuandikia.

Nikabaki na binti. Kwa zoezi lake, vidole vyangu vikatambaa ukutani, kila wiki juu kidogo. Maumivu yamepoa. Juzi binti mwenyewe kanipeleka kwa yule wa chuma, avute kwa kipimo anachopangiwa na binti. Sikulia. Nilimtukana kidogo tu.

Mama yako

14 Desemba

Mwanangu wee!

Nimepanda! Msimamizi akasema, "Mama, shuka, utaanguka." Nikamwambia, "Wewe shika ngazi." Akashika. Nikaunyoosha mkono wa kulia mpaka rola ikagusa dari, nikapaka, vijana wamekodoa macho. Mmoja akapiga makofi, wakafuata wote, hata msimamizi, ikabidi nimkaripie ashike ngazi.

Nina furaha mpaka nacheka peke yangu. Rangi imenidondokea usoni, nimepita nayo mtaani hadi nyumbani, na sijanawa. Waone.

Mama yako, fundi wa dari